Tanzia Niliyoiandaa Bila Kufiwa

Kama unasoma haya na mikono inakutetemeka, weka karatasi juu ya meza. Usione haya. Kuna wakati mimi nilikuwa nikishika risiti ya mafuta watu wanadhani napepea jiko.

Naandika kwa ajili yako kwa sababu nilipokuwa mgonjwa wa pombe hakuna aliyeniambia mambo madogo madogo. Daktari alinieleza habari za ini. Hakuniambia kwamba nikiacha nitakula sukari kama siafu walioingia stoo ya duka. Hakuniambia kwamba uvimbe wa miguu ukiisha viatu vyangu vyote vitakuwa vya mtu mwingine, mkubwa zaidi. Na hakika hakuniambia kwamba siku moja nitaketi chini ya turubai mchana kweupe, mji mzima ukinipa pole kwa kifo cha mtu aliye hai.

Naitwa Kilonzo. Baba yangu alikuwa polisi kutoka Mwingi, na serikali ilimhamisha kama mpira. Nilizaliwa Hadado, nikaanza shule Rhamu, nikamalizia kidato cha nne hapa Garissa. Kwa hiyo Kisomali changu ni cha sokoni, Kikamba changu kinachekwa na binamu zangu, na moyo wangu haujui kukaa. Nikiwa Garissa nakumbuka vitunguu vya Rhamu na watoto tukioga mto Daua. Nikifika Rhamu nakumbuka jinsi asubuhi za Hadado zilivyokuwa na harufu ya ngamia na moshi. Nikienda Hadado nauliza kila mtu mbona pamebadilika, wananitazama tu. Ndiyo maana nikawa dereva wa boza, lile lori la tangi la kusambaza maji. Ni kazi ya mtu ambaye likimuuma jambo, anawasha injini.

Sasa, Garissa si mji wa kulewa. Kwingine mlevi anajikwaa akiangukia baa. Hapa mlevi lazima awe na bidii. Lazima ujue kantini ipi ya jeshi inauzia raia, lazima ujue nyumba ipi ya nyuma ina mlango wa nyuma zaidi, halafu urudi nyumbani ukipita kando ya msikiti huku umefunga mdomo na kuvuta pumzi kwa pua kama mpiga mbizi. Bidii ile ningeiweka kwenye masomo, leo ningekuwa profesa.

Ugonjwa wenyewe uliniketisha kwenye benchi la hospitali kiangazi chote. Benchi lile lilikuwa la mbao, na kila aliyekuja alitusukuma kidogo, hivi kwamba ukianza foleni ukiwa mwanzoni unajikuta mwishoni bila kuinuka. Mke wangu Rehema alikuwa anakaa kando yangu akipinda mikono ya sare za shule kwa sindano, maana ni fundi wa nguo na hapotezi muda. Siku moja bibi mmoja wa Kisomali aliyekuwa na kibuyu cha maziwa mapajani alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Warya, wewe bwana, macho yako yamekuwa rangi ya samli."

"Mimi nilidhani ni taa ya nyumbani," Rehema akajibu bila kuinua kichwa.

Bibi akanimiminia maziwa kwenye kifuniko cha kibuyu. Nikayanywa, nusu yakaingia mdomoni, nusu shatini. Wote wawili wakanyamaza. Sijasahau ukarimu wa kimya kile.

Tulipotoka kwa daktari, Rehema alisimama getini akaniambia masharti yake. "Ukilewa tena, au ukipotea na hilo boza safari ndefu, mimi na watoto tunarudi kwetu Bura. Sitapiga kelele. Utakuta cherehani haipo, ndipo utajua."

Nilijua alichomaanisha kuhusu safari. Mjini nilikunywa kwa bidii, lakini barabarani peke yangu nilikunywa bila kizuizi. Kila safari ndefu ilianza na kumbukumbu nzuri za utotoni ikaisha nikiwa nimelala chini ya lori.

Muuguzi mmoja ndiye aliyeninong'oneza habari za kikundi cha wanaoacha pombe. Kilikutana mara moja kwa wiki kwenye stoo ya mabati nyuma ya gereji ya matairi. Nilikuta watu wachache wameketi kwenye viti vya plastiki. Mwenye kuongoza alikuwa Mwalimu Wafula, mstaafu kutoka Bungoma, aliyewahi kufundisha hesabu akiwa hawezi kuona ubao kwa ulevi. Mama Chebet alikuwa mpishi wa zamani wa kambi ya jeshi, mikono kama ya mpiga ngumi. Na kulikuwa na mzee mmoja nadhifu, ndevu zimetiwa hina, tuliyemwita Abti, yaani mjomba kwa Kisomali. Jina lake halisi halikutajwa hata ndani ya stoo.

Abti alikuwa dalali wa ngamia. Dalali hana duka wala mali. Ana neno lake tu. Muuzaji na mnunuzi wanaingiza mikono chini ya kitambaa, wanabanana vidole, na dalali akisema bei ni hii, imekwisha. Siku soko likijua kwamba mdomo ule uliwahi kunuka pombe, hakuna ambaye angemkabidhi hata mbuzi kilema. Sote tulilijua hilo. Abti akifichuka, amekwisha, na kikundi kimekwisha naye, maana ni nani mwingine angethubutu kuja?

"Kaka Kilonzo," Mwalimu aliniambia wiki yangu ya pili, "hapa kila mgonjwa ana kazi. Mimi naongoza kikao. Mama Chebet anapokea wageni mlangoni. Abti anatafuta waliopotea, maana anajua kila kichochoro cha soko la mifugo. Imebaki chai, viti na ufunguo."

"Hizo ni kazi tatu."

"Ufunguo ni mdogo."

"Mwalimu, mimi ni mtu wa safari. Nikipata mzigo wa Mandera je?"

"Tutakaa nje ya mlango, juani, tukikungoja. Abti ana presha."

Abti akaitikia kwa kichwa kwa fahari, kama mtu aliyetajwa kwa cheo.

Nilichelewa kuelewa hila ile. Kuacha pombe kwa ajili ya ini langu nilishindwa mara nyingi, kwa sababu ini silioni. Lakini mzee mwenye presha akiwa ameketi kwenye tairi juani kwa sababu yangu, huyo nilimwona kila nilipogusa ufunguo shingoni.

Chai ilinishinda mwanzo. Mama Chebet alionja akauliza, "Hii umeichemsha au umeipitisha tu karibu na moto?" Abti alizungusha kikombe polepole. "Kilonzo, mwanangu, mimi niliacha pombe. Sukari sijaacha." Nikafundishwa kuponda iliki na tangawizi, kuchemsha majani hadi yakate tamaa, kutia maziwa ya ngamia mwisho. Mvua zilipokuja na Tana ukafurika ukameza mashamba ya kando, nilipika chai nimevaa gambuti. Ramadhani ikaingia, tukahamishia kikao baada ya futari, na nikajifunza kupikia watu wenye tumbo lililojaa tayari, ambao ndio wakosoaji wakali zaidi. Mikono ilianza kutulia. Niligundua hilo siku nilipobeba vikombe vinne kwa pamoja na Mama Chebet akasema, "Angalia, leo chai yote imefika."

Majirani walituwekea maana zao. Wengine waliamini sisi ni kamati ya ugawaji misaada, na mama mmoja aliwahi kusimama mlangoni na mtungi mtupu akiuliza mafuta ya kula yanaanza lini. Hatukumwambia mtu neno.

Kiangazi kikarudi, na Abti akatimiza mwaka bila kunywa. Kwetu, siku hiyo mhusika anaketi katikati, kila mmoja anasema alichoona kimebadilika kwake, na chai inakuwa bora kuliko ya kawaida. Nikataka nifanye jambo la kukumbukwa. Stoo ya mabati kwa joto lile ilikuwa inaoka watu. Kwa hiyo nikaazima turubai kubwa, nikalifunga nje ya gereji upande wa barabara penye upepo. Nikapanga viti vya plastiki kuzunguka. Nikatandika mikeka kwa ajili ya kina mama. Nikaazima sufuria kubwa na chupa za chai kumi na kitu.

Nikiwa katika kufunga kamba, tajiri wangu akapiga simu. Kuna mzigo wa Rhamu, boza pamoja na kazi ya wiki mbili za kusambaza maji, kuondoka jioni hiyo hiyo. "Kama hutaki, sema nimpe mwingine." Rhamu! Nilisikia maji ya Daua masikioni. Nikamwambia nitamjibu baada ya kikao. Boza lilikuwa pale pale mbele ya gereji, tangi la mafuta limejaa, limetazama barabara.

Mama Chebet alifika, akatazama turubai, viti, mikeka na sufuria. "Kilonzo! Umepapendezesha kama matangani."

Alinisifu, nami nikashukuru. Mimi, mtoto wa Hadado, niliyekulia katikati ya watu hawa, nikashukuru!

Tukaanza baada ya swala ya alasiri. Abti aliketi katikati amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kwa kuwa ni siku yake. Kikao chetu hufunguliwa kwa kimya, vichwa vimeinama. Tukainamisha vichwa.

Nilisikia ndala zinavuliwa. Mzee mwenye bakora, aliyekuwa anatoka msikitini, aliingia taratibu, akaketi, akainua viganja vyake viwili, akaomba dua kwa sauti ya chini, akajipangusa uso. Nyuma yake wakaja wawili. Halafu watano. Nilipoinua kichwa rundo la ndala lilikuwa limefika kwenye tairi la boza langu, na kina mama wameshaanza kuketi mikekani. Mji huu ukiona turubai, chai na watu walioinama, hauulizi. Unakuja.

"Mwalimu," nilinong'ona, "tumekuwa tanzia."

Mwalimu, aliyekuwa bado amefumba macho, alisema, "Nani amekufa?"

"Hakuna!"

"Basi wapewe chai."

Nikaanza kumimina chai kama mtu anayezima moto. Wengi walinijua, kwa maana mtaa ule niliupelekea maji kiangazi cha kabla ya kuugua. Na hapo ndipo akaingia Yusuf, kaka wa mke wa Abti, mtu wa soko la mifugo, mwenye sauti ya kupigia mnada na ulimi unaogeuza p kuwa b. Akamwona shemeji yake katikati, kanzu nyeupe, uso umeinama. Akamshika mabega.

"Shemeji! Bole sana! Kwa nini nabata habari barabarani? Ni nani? Ni mzee wa Wajir?"

Abti akashika ukingo wa kiti. Nilimjua. Mtu yule angeweza kunyamaza hadi siku ya mwisho, lakini kusema uongo juu ya mauti hangeweza. Na kusema kweli mbele ya nusu ya soko ilikuwa ni kujizika mwenyewe. Jasho lilianza kumtoka chini ya kofia. Yusuf alishatoa simu ili awaite wa Wajir. Watu wote walikuwa wanamtazama Abti wakingoja jina.

Nakwambia ukweli wa mwili wangu saa ile. Mikono ilikuwa imara juu ya birika, lakini miguu yote miwili ilikuwa imeshafika Modogashe, njiani kwenda Rhamu. Boza liko hatua chache. Rhamu inaniita. Ningesema naenda kuleta sukari na wangenisikia tena baada ya wiki mbili, kama wangenisikia.

Nikaweka birika chini.

"Yusuf, aliyefiwa ni mimi," nikasema. "Mjomba wangu wa Mwingi. Abti na hawa wenzangu wamekuja kunipa pole tu."

Yusuf akarudisha simu mfukoni. Macho yote yakanigeukia, na kabla sijajua nini kinaendelea nilikuwa nimeketishwa kwenye kiti cha Abti, kikombe mkononi, na mwanaume nisiyemjua amechukua birika langu. "Mfiwa hapiki chai!" akanikemea. Kazi yangu niliyoipigania mwaka mzima ikaondoka hivyo.

"Bole, dereva," wakasema mmoja baada ya mwingine. Halafu yule mzee wa bakora akauliza, kama inavyoulizwa, "Mjomba alikuwa mtu wa namna gani?"

Mjomba wangu wa Mwingi ni fundi wa magunia, yuko hai, na maisha yake hayana la kusimulia. Nikasema lililokuja.

"Alikuwa mtu wa safari," nikasema. "Hakukaa mahali. Akiwa hapa anakumbuka kule, akifika kule anakumbuka hapa. Watu walimpenda kwa sababu alikuwa na hadithi. Nyumbani hawakuzisikia, kwa sababu hakuwepo."

"Aliugua nini?"

Nikatazama miguu yangu. "Pombe."

Watu wakasema "laa" kwa huzuni, bila kumtukana. Abti alikuwa amejiegemeza nyuma ya watu sasa, salama, na niliona bega lake linatikisika.

"Alitapika damu njiani mara moja," nikaendelea, na sauti yangu ikawa ya ajabu. "Akasimamisha gari, akajipangusa, akaendelea na safari. Alidhani kufika ndiyo dawa. Mke wake alikuwa akisikia lori lolote barabarani anasimama dirishani. Halafu akaacha kusimama."

"Ana watoto?"

"Wawili."

"Sasa nani atawalea?"

Swali lile walimuulizia mtu wa Mwingi asiyekuwepo. Likanipata mimi. Nikainama, na sasa nililia kweli, nikisikia mikono ya watu ikinigusa mgongoni.

Ndipo nikaona mikeka inachangamka. Rehema alikuwa amesimama ukingoni mwa turubai, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Habari ilimkuta kibandani mwake: mume wako kafiwa, analia barabarani. Na kwa mke wa mlevi, mume anayelia barabarani ana maana moja tu.

Alipita katikati ya wanaume, jambo ambalo halifanywi, akaja hadi kwangu, akainama mbele ya umati wote akanusa mdomo wangu. Alinusa kwa makini, upande huu na upande huu, kama anayekagua samaki. Niliacha kupumua, halafu nikakumbuka kwamba ilikuwa ni lazima nipumue. Nikamtolea iliki na tangawizi yote ya siku ile.

Alinyooka. Akanitazama. Akamtazama Mwalimu, Mama Chebet, kisha Abti pale nyuma aliyekuwa anajificha uso kwa kitambaa. Rehema si mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Mama," yule mzee akamuuliza kwa upole, "na wewe ulimjua marehemu?"

"Nilimjua sana," akasema. "Alinisumbua mno."

"Mungu amsamehe."

"Mungu atafanya yake. Mimi nimemsamehe nusu."

Akaenda akaketi mkekani na kina mama. Nikampigia tajiri wangu simu pale pale nikamwambia sitaweza kwenda Rhamu, nimefiwa. Akasema pole, akampa mwingine. Kumbe ni rahisi hivyo.

Nilidhani yameisha. Yusuf akatangaza kwa sauti ya mnada kwamba hapa kwetu tanzia ni siku tatu, na dereva aliyewanywesha watu maji hatafanyiwa pungufu. Kwa hiyo kesho yake wakaja tena, na wali na mbuzi. Usiku ule ilibidi nimpigie mjomba Mwingi kumwomba radhi kabla hajasikia kwa wengine.

"Walikuja wengi?" akauliza.

"Wengi, mjomba. Wameleta hata mbuzi."

"Mbuzi!" Akafurahi sana. "Hapa hawataniletea hata kuku. Endeleeni."

Siku ya pili Yusuf aliketi karibu nami akanipa nyama kwa mkono wake. "Ajabu," akasema polepole, akimtazama Abti. "Shemeji yangu amemlilia mjomba wako kuliko wewe." Yusuf akatafuna, akameza. "Huu mkutano wenu wa stoo," akasema, "asikose. Hata akiumwa, mje mumchukue." Halafu akasimama akaenda kuwagombeza wapishi. Hakuwahi kulitaja tena jambo hilo, nasi hatukumuuliza.

Sijawahi kukaa mahali pamoja siku tatu nikiwa na akili zangu, watu wakija kunitazama usoni. Sikuwa na kazi ya kukimbilia, wala usukani, wala birika. Kama unaanza safari hii ya kuacha, nakuambia hiyo ndiyo dawa chungu kuliko zote nilizopewa, na hakuna daktari aliyeniandikia. Watoto wangu walikuja baada ya shule wakala wali mapajani mwangu.

Jioni ya siku ya tatu Yusuf alifunga kwa dua, akasema machozi yamekwisha, kila mtu arudi kazini. Watu wakatafuta ndala zao. Mama Chebet akaanza kuzoa vikombe. Rehema aliinuka mkekani, akakung'uta nguo, akamwendea yule mzee wa bakora.

"Sasa tuseme amezikwa?"

"Amezikwa, mama. Imekwisha."

"Vizuri," Rehema akasema, akinitazama mimi. "Basi asifufuke."

Akatangulia na watoto. Alipofika kwenye kona akageuka akapaza sauti nisichelewe, na nipitie sokoni ninunue nyanya.